Viza Imeondoka, Muhuri Umebaki

MIMI ni mtu wa Vanga. Ukiitazama ramani ya Kenya, shuka na bahari mpaka chini kabisa, utaiona pale penye mikoko, karibu na mdomo wa mto Umba. Huko ndiko unakoanzia mpaka wetu na Tanzania. Mwanzo wa mpaka huo naujua tangu nilipokuwa mtoto wa chuoni, nikipita na ubao wangu kwapani. Mwisho wake sikuwa nimeuona hata siku moja, mpaka mwezi uliopita nilipofika Muhuru, katika Kaunti ya Migori, nikaona nchi kavu inapokwisha na mpaka ukaendelea ndani ya Ziwa Victoria.

Sikio la mtu wa pwani likisikia Muhuru husikia muhuri. Wenyeji wana maana yao katika jina hilo, wala sikwenda kuwafundisha lugha yao. Lakini siku hizo kichwa changu kilikuwa kimejaa habari za muhuri, na ndizo ninazotaka kukueleza leo, ndugu msomaji.

Nilikuwa nimekwenda Homa Bay kuhani. Rafiki yangu, tuliyefanya kazi pamoja Mombasa miaka mingi, alistaafu akarudi kwao, na huko ndiko mauti yalikomkuta. Mjane wake huniita shemeji, nami humwita shemeji. Nilimkuta anafunga mizigo. Binti yake ameolewa Mwanza, ana mimba ya miezi saba, na daktari amemkataza kazi nzito. Mama akaona hana budi kwenda kumwangalia mpaka ajifungue, kisha amlee mzazi na mtoto. Safari ya miezi minne, pengine mitano. Na hakutaka kwenda peke yake. Alitaka kufuatana na mke wa mwanawe pamoja na wajukuu watatu, na mwanawe awapeleke kwa gari aliloliacha marehemu.

Nikamwuliza yule kijana, "Hati za safari mmezitengeneza?"

Akacheka. "Ami, siku hizi hakuna viza. Sisi twavuka tu."

Maneno hayo mawili nimeyasikia baadaye Rongo, Awendo, Migori mjini na Isebania kwenyewe. La kwanza ni kweli: viza hakuna. La pili si kweli hata kidogo, na katika tofauti ya maneno hayo mawili ndimo jamaa wengi wanamopotelea.

Tuanze na asili ya mstari wenyewe. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuigawa nchi hii tangu mdomo wa mto Umba, ukipita kaskazini ya Kilimanjaro, hadi ukingo wa ziwa pale inapopita digrii moja kusini ya ikweta. Mwaka 1890 wakauendeleza mstari huo kuvuka ziwa. Waliokuwa wakikaa hapo hawakuulizwa. Huku kwetu uliwagawa Wavumba na Wadigo. Kule uliwagawa Wakuria, Wajaluo na Wasuba. Mjaluo wa Homa Bay ana wajomba Rorya, na Mkuria wa Kehancha ana shemeji Tarime. Kwa hivyo mtu wa Vanga akifika Migori hajioni mgeni sana. Kidonda ni kimoja, hata kama mikono ilipokelewa na watu mbalimbali.

Kwa miaka mingi kidonda hicho hakikuuma sana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 iliwaachia watu nafasi ya kwenda na kurudi. Kisha ikaanguka mwaka 1977, na Februari ya mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Nilikuwa na miaka saba. Bibi yangu alikuwa na dada yake Moa, kijiji cha upande wa pili, mahali ambapo watu walikuwa wakienda asubuhi na kurudi jioni. Mwaka wa tatu wa kufungwa mpaka, dada huyo alifariki. Habari zilifika kwetu baada ya arubaini, zimeletwa na mvuvi. Namkumbuka bibi amekaa barazani, hakulia kwa sauti, anauliza tu nani aliyemwosha. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na bibi alikuwa hana tena nguvu za kusafiri.

Basi naposikia kijana anasema viza hakuna, mimi sicheki naye. Nazijua siku ambazo hata ukiwa na hati zote duniani njia haikuwapo. Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kazi Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kazi tarehe 1 Julai 2010. Itifaki hiyo yasema wazi kwamba raia wa nchi mwanachama aingie nchi nyingine bila viza, atembee humo, akae na atoke. Kanuni zake zinaendelea kueleza kwamba anayeingia kwa matembezi apewe pasi ya kukaa hadi miezi 6. Hii ni haki iliyopiganiwa kwa zaidi ya miaka thelathini, na bibi yangu hakuiwahi.

Lakini haki hiyo ina mlango, na mlango una dirisha, na kwenye dirisha kuna mtu mwenye muhuri. Asiyepita hapo hana miezi 6, hana hata siku moja. Hilo ndilo neno ambalo halijafika vijijini. Watu wamesikia kuondoka kwa viza, wakadhani na muhuri umeondoka.

Usiku ule pale Homa Bay tukawasha taa, tukamwaga hati zote mezani. Shemeji alitoa kitambulisho chake cha Kenya. Mkwe alitoa kadi ya kupigia kura ya Tanzania iliyochakaa, maana yeye ni mzaliwa wa Rorya, aliolewa kwa ng'ombe miaka tisa iliyopita. Watoto wawili walikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Wa tatu, mdogo, alikuwa na kadi ya kliniki tu. Watu watano wa nyumba moja, wanaokula sinia moja, na kila mmoja mbele ya sheria ana safari yake mbali.

Kitambulisho cha shemeji kingemfikisha Kampala au Kigali, kwani Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kutumia vitambulisho tangu 2014. Tanzania haimo katika makubaliano hayo. Huko yatakiwa paspoti, au kibali cha muda cha kusafiria katika Afrika Mashariki. Paspoti huombwa kwa mtambo wa eCitizen, kisha mwenyewe hufika ofisini kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na kwa watu wa ziwani ofisi wanayoizoea ni ya Kisumu. Mtoto naye ni msafiri. Hafichwi mgongoni mwa mama. Yataka awe na hati yake, na hati yake haipatikani bila cheti cha kuzaliwa. Tena mtoto akisafiri na bibi pasipo wazazi, barua ya wazazi ya kuridhia si adabu tu, ni kinga. Ofisa anayeuliza mtoto huyu ni wa nani huenda anamwokoa mtoto mwingine aliyeibwa.

Kisha kuna kadi za njano, ambazo ni mbili, na kijana wetu alikuwa akizichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa imekamilika siku 10 baada ya sindano, basi anayechomwa leo asipange kuvuka kesho. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, hakifi baada ya miaka kumi kama zamani. Aliyepita miaka 60, kama shemeji, amwone daktari kwanza, kwani kwa wazee sindano hii yataka uangalifu. Kadi ya njano ya pili ni bima ya gari, ile ya COMESA, ambayo Tanzania huipokea ingawa yenyewe ilijitoa katika COMESA. Moja ni ya mwili wa mtu, moja ni ya mwili wa gari, na ya gari haimkingi abiria na homa. Gari nalo huandikiwa kibali cha kuingia kwa muda, na muda huo ukipita gari huwa na kesi yake peke yake.

Hayo yote ni mambo ya kuuliza na kujibiwa. Zito ni lile lisiloandikwa juu ya bahasha, nalo ni nia.

Chuoni, mwalimu wetu alitusomesha hukumu za msafiri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri hupunguza sala. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya usafiri humwondoka, husali kama mkaazi. Sisi watoto tuliona ajabu: mtu ni yule yule, nyumba ni ile ile, ila moyo umenuia. Mwalimu akasema, "Safari haiko miguuni, iko katika nia." Nimezeeka ndipo nimeona kwamba hata ofisa wa uhamiaji, awe Mwislamu au si Mwislamu, swali lake ni hilo hilo. Umekuja kwa nini, na wakaa siku ngapi?

Safari fupi ina nia moja. Safari ndefu ya jamaa nzima nia zake hugeuka njiani, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Nilimwuliza shemeji, miezi mitano Mwanza, wajukuu watasoma wapi? Akasema huyu mkubwa ataingizwa shule ya jirani asipoteze muhula. Nikamwuliza mkwe, nawe utafanya nini? Akasema atamsaidia wifi yake kibandani, wifi anauza dagaa. Basi angalia, msomaji. Walitoka nyumbani wageni watano. Kabla ya mwezi kwisha, mmoja atakuwa mwanafunzi na mwingine mfanyabiashara. Pasi ya matembezi haimruhusu Mkenya kusoma wala kufanya kazi. Kwa mwanafunzi kuna pasi ya mwanafunzi, na kwa mfanyakazi kuna kibali cha kazi. Itifaki imeyataja yote, na imempa mfanyakazi haki ya kufuatana na mke au mume na watoto. Nia ikigeuka, hati nayo igeuzwe. Asiyeigeuza hukamatwa, si kwa sababu ni mtu mbaya, ila kwa sababu makaratasi yake yanasema jambo na mikono yake inafanya jingine.

Na hiyo miezi 6 isomwe vizuri. Kanuni yasema *hadi* miezi 6. Anayeandika idadi ya siku ni ofisa, na akiandika siku 30 ni siku 30, hata kama wewe ulikuwa ukifikiria nusu mwaka. Soma muhuri kabla ya kuondoka dirishani. Ikiwa siku hazitoshi, sema pale pale, kwa upole, kwamba unakwenda kumlea mzazi. Ikiwa zimekwisha ukiwa ndani, nenda ofisini kabla ya siku ya mwisho.

Sasa nije kwa mkwe, kwani yeye ndiye aliyenikosesha usingizi.

Wote pale nyumbani walidhani yeye hana shida, kwa kuwa anakwenda kwao. Kumbe yeye ndiye mwenye safari ya hatari kuliko wote. Miaka tisa iliyopita aliingia Kenya kwa njia ya shambani, hakupigwa muhuri. Kwa macho ya mumewe ni mke. Kwa macho ya mkwewe ni mtoto. Kwa macho ya daftari la serikali ni mtu ambaye hakuwahi kuingia. Kwenda kwao atakwenda, lakini atarudi vipi? Atasema anaishi wapi, na tangu lini?

Sheria haikumsahau kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 15, yampa mtu aliyeoana na raia kwa miaka isiyopungua 7 haki ya kuomba kuandikishwa uraia. Lakini ndoa yake ni ya ng'ombe, haikuandikwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yataka ndoa za mila nazo ziandikishwe, na bila cheti hicho miaka tisa inabaki kuwa hadithi. Tena kuna mtihani mwingine. Kenya hukubali uraia wa nchi mbili tangu katiba hiyo, lakini Tanzania kwa jumla haiukubali kwa mtu mzima. Basi mwanamke wa namna hii asitie saini karatasi yoyote ya uraia kabla ya kuuliza pande zote mbili, asije akapata mlango mmoja akafunga ule aliozaliwa ndani yake. Watoto wake ni Wakenya kwa kuzaliwa, kwa kuwa baba yao ni Mkenya. Upande wa mama wanaweza kudai Utanzania pia, lakini wakifika miaka 18 Tanzania huwataka wachague.

Alinisikiliza yote hayo amemshika mwanawe mdogo. Kisha akaniuliza swali moja tu. "Baba, kwa hivyo mama yangu akifa, mimi nisiende?"

Sikuwa na jibu. Nilimwona bibi yangu pale barazani.

Asubuhi yake tukaenda Isebania, shemeji, mwanawe na mimi. Mji huo na Sirari ni kama mtu na kivuli chake. Dukani utarudishiwa chenji kwa shilingi ya nchi yoyote uitakayo, na Kiswahili hugeuka lafudhi ukivuka barabara. Malori yamejipanga, ng'ombe wanasukumwa, na vijana wa pikipiki wanakuita, "Mzee, nikupitishe?" Maana yake ni njia ya panya. Nilimwuliza mmoja bei, akanitajia pesa kidogo sana kuliko gharama ya paspoti. Hapo nikafahamu kwa nini watu hupita huko. Si wote wahalifu. Wengi ni akina mama wanaokwenda mazishini, na maiti haingoji paspoti.

Shemeji mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alinisimulia njiani kwamba mwaka jana alipita hivyo kwenda kumzika kaka yake Shirati. Akaugua huko, akakaa wiki saba. Siku ya kurudi basi likasimamishwa karibu na kituo kimoja cha mpakani, ambacho sitakitaja, akaulizwa muhuri wake uko wapi. Alilala hapo juu ya kanga yake, mjane wa miaka sitini na tatu, mpaka mwanawe alipokuja na pesa. Hajui hadi leo pesa zile zilikuwa faini au zilikuwa nini, kwani hakupewa risiti.

Simtetei aliyemlaza chini. Lakini nimezungumza na maofisa pia, na wana yao ya kusema. Mpaka wa Kuria unajulikana kwa wizi wa ng'ombe. Watoto hupitishwa kwenda kufanyishwa kazi. Ofisa anayemwona bibi na watoto watatu wasio na karatasi hawezi kujua kwa uso peke yake kama ni jamaa au ni biashara. Muhuri kwa kweli ni shahidi. Siku ukiugua ugenini, siku ukidhulumiwa mshahara, siku ukitiwa katika kesi isiyo yako, ndio utakaosema kwamba uliingia mchana, kwa jina lako, mbele ya watu. Aliyepita njia ya panya ameokoa nauli akamtupa shahidi.

Kwa hivyo lawama nazigawa. Sisi wananchi tumezoea kuamini uvumi, na hati tunazitafuta siku ya msiba. Lakini serikali zetu mbili zina deni kubwa zaidi. Haki ya mwaka 2010 iliandikwa kwa Kiingereza na kusomwa mahotelini. Nani aliyeisoma katika gulio la Rodi Kopany, au ufukoni Muhuru, kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kikuria? Na kama kitambulisho kinatosha kumpeleka Mjaluo Kampala, mbali na kwao, kwa nini kisitoshe kumpeleka Tarime kwa mjomba wake? Hilo ni la viongozi wa Nairobi na Dodoma kukaa na kulimaliza. La tatu ni hawa wake walioolewa ng'ambo kabla ya mambo ya hati kukazwa. Wafunguliwe muda wa kujitokeza na kuandikwa bila kutishwa. Ni wengi, na kila mmoja ana mama upande wa pili.

Mwisho wa safari yenyewe? Shemeji alikwenda Kisumu akapata kibali chake, akamwona daktari, akangoja zile siku 10. Nilikuwa nimerudi Vanga alipopiga simu kutoka Sirari. Alisema ameuliza dirishani, amesoma muhuri wake mwenyewe kwa miwani, na siku zimetosha. Lakini alivuka peke yake. Mkwe na watoto wamebaki Homa Bay. Cheti cha mdogo kinatafutwa, na mzee wa kijiji ameahidi kusimama shahidi wa ndoa. Rorya yaonekana karibu, na mama yake yuko huko.

Niliandika beti hii nikiwa Muhuru, nimekaa juu ya jiwe, mashua za wavuvi zikipita mpaka bila kuuona:

Mwanzo wa mpaka Vanga, ni bahari na mikoko,
Mwisho ni ziwa na anga, na ndugu zetu wa huko,
Walichora kwa kupanga, pasi na letu tamko,
Leo twaomba kuunga, kwa hati wetu ukoo.